Kwa wakubwa wa Lamu: ukubwa wetu umeanza kwa makatazo

Kwa Mheshimiwa Gavana, waheshimiwa wawakilishi wa wadi zote kumi, Kamishna wa Kaunti, wakuu wa elimu, maimamu, wachungaji na wazee wa mitaa.

Assalaam alaykum, na shikamooni nyote.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, nyumbani ni Mkomani. Jina nimelificha, si kwa kuwaogopa nyinyi, ni kwa ajili ya baba yangu. Mji wetu mdogo, na sitaki asimamishwe nje ya msikiti aulizwe mwanawe ana nini siku hizi. Haya ninayoandika nimeyazungumza na wenzangu wa kike na wa kiume, shuleni na chuoni, yaani madrasa, na wengine wamenituma kabisa niwatilie neno lao humu.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kikao cha kukusanya maoni ya wananchi. Tangazo lilisema vijana wahudhurie kwa wingi. Tukaenda wanne, na sare zetu, kwa kuwa tulitoka darasani moja kwa moja. Mlangoni tukaulizwa vipande, yaani vitambulisho. Hatuna, tukasema, hatujafika umri. Basi rudini nyumbani, tukaambiwa, hiki ni kikao cha watu wazima, nyinyi mtaitiwa chenu. Dirishani tukamwona aliyesimama kusema kwa niaba ya vijana: kaka mmoja wa mtaa wa pili, miaka thelathini na minne, watoto wanne, mvi zishaanza kuchungulia. Simsemi vibaya. Kwa Katiba ya 2010 yeye ni kijana halali, maana kifungu cha 260 kinamhesabu kijana kuwa aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Kifungu hicho hicho kinaniita mimi mtoto. Kikao chetu hakijaitishwa mpaka leo.

Lakini nyumbani hakuna anayeniita mtoto. Tangu nina miaka kumi na miwili naambiwa nishakuwa mkubwa, na kila nikiambiwa hivyo kuna kitu naondolewa. Likija la kupewa, naambiwa ngoja ukue. Mtoto wa ami yangu ameyaonja hayo kwa upande wake, na mdogo wangu kwa upande wake. Mkituona tumenuna mnasema ni balehe, itapita. Balehe ipo, sikatai. Ila kuna mengine yanayotunyima usingizi ambayo nyinyi mnaweza kuyatengeneza kwa sahihi na muhuri, na hayo ndiyo nataka tuyaseme.

Nianze na bahari, maana ndiyo iliyoniuma kuliko yote.

Mnajua wenyewe maji yakijaa alasiri watoto wa Mkomani na Langoni huwa wapi. Wako ukutani pale gatini, wanajirusha. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa naruka na gauni langu, natoka mpaka kwenye mashua iliyotia nanga, nagusa ubavu wake, narudi kabla mtoto wa ami hajafika nusu. Hilo analijua hata akikataa. Mwaka niliovunja ungo, Bibi alikuja mwenyewe pwani, yeye ambaye magoti yalikuwa hayamruhusu hata kushuka ngazi za nyumba. Akasimama kivulini na leso mkononi. “Ndoo,” akaniita. “Kuruka maini basi, ushakuwa mkubwa.” Kwa Kiamu chetu ndoo ni njoo, na maini ni majini. Hakunifokea. Alinifuta kichwa kwa ile leso, tukarudi pamoja taratibu, akiniegemea bega. Nyumbani kulikuwa na furaha, mama alinipa leso mpya bado ina harufu ya duka, shangazi zikaja, nikapongezwa. Usiku nikalia, na sikuwa na wa kumweleza ninalilia nini, maana kila mtu alikuwa amefurahi.

Tangu siku hiyo sijaingia majini. Wavulana niliokuwa nikiwashinda mpaka leo wanaruka, na ndevu zao. Nikitoka chuoni nawaona, nateremsha macho, napita.

Sasa kabla imamu hajaikunja barua hii: siombi kuvaa nguo za watalii wa Shela mbele ya wazee. Dini yangu naijua, na haikunikataza kuogelea, inanitaka nijisitiri. Ninachosema ni kwamba sisi tunakaa visiwani. Kwenda Mokowe ni boti. Kwenda Faza, Kizingitini, Siyu, Kiwayu ni boti. Mzazi aliyeshikwa na uchungu usiku hupelekwa hospitali kwa boti, na bibi harusi hupelekwa kwa mumewe kwa boti. Ajali za baharini tunazisikia, na kila ikitokea mnatangaza tuvae jaketi okozi, jambo jema. Sijasikia mkubwa hata mmoja akisema hadharani kwamba wanawake wengi waliomo kwenye boti zile walitolewa majini wakiwa na miaka kumi na mbili na hawakurudi tena. Kwenye Maulidi na kwenye tamasha la utamaduni kuna mashindano ya mashua, ya punda, na ya kuogelea. Sisi hushangilia kutoka ukutani.

Kaunti ina idara ya michezo. Haishindwi kutenga mahali pa faragha, hata ng'ambo ya Manda, asubuhi za Jumamosi, wanawake peke yao, mwalimu wa kike, lango limefungwa. Mama yangu nilipomtajia alicheka, kisha akaniuliza polepole kama wamama nao wataruhusiwa.

La pili si langu, ni la mtoto wa ami. Yeye aliacha shule kidato cha pili, na kazi yake ni boti. Tangu ana miaka kumi na minne anashika usukani, anavusha watu Mokowe na kuwapeleka wageni Manda na Shela. Wakati huo hakuna askari, hakuna chifu, hakuna mzazi aliyesema huyu ni mtoto, mteremsheni. Watu ishirini walikuwa wanakaa nyuma yake, wengine nyinyi mnaosoma hapa, wanamwambia kaza kijana, tumechelewa. Alikuwa mtu mzima wa kutosha kubeba roho zenu.

Alipotimiza kumi na minane akaenda kuomba kitambulisho katika ofisi moja. Akaambiwa alete cha baba. Akaleta. Akaambiwa alete cha babu. Babu yao alizaliwa bara, upande wa Kiunga, na miaka ya 1960, wakati wa vita vya shifta, familia nzima ilikimbilia visiwani usiku. Waliokoa watoto na sufuria. Karatasi hazikuwa kwenye mawazo ya mtu. Akarudi akaeleza hayo. Akaambiwa aje wiki ijayo. Wiki ijayo akaambiwa aje na mzee wa mtaa. Mzee wa mtaa akaja, aliyetakiwa kuwapo hakuwapo. Sasa ana miaka ishirini. Leseni ya unahodha aliambiwa haombi bila kipande. Laini yake ya simu ina jina la mama yake, kwa hiyo pesa anazolipwa na abiria zinaingia kwa mama. Akisafiri kwenda Mombasa, kila kizuizi ni maelezo.

Februari 2025 Rais alitangaza kwamba ule msasa, yaani uchunguzi wa ziada, waliokuwa wakipigwa wakaaji wa kaunti za mpakani wanapoomba vitambulisho umekwisha. Siku ile tulishangilia, maana na sisi ni watu wa mpakani, ukitoka Kiunga Somalia iko pale. Lakini tangazo lilisomwa jukwaani, na fomu hujazwa dirishani, na wa dirishani ndiye aliyezoea kuuliza babu yako alizaliwa wapi. Katiba haina mzunguko: kifungu cha 12 kinasema kila raia ana haki ya kupewa pasipoti na hati ya utambulisho. Ninachowaomba ni kwamba wasajili waje shuleni kila muhula, wawaandikishe wanaokaribia kutimiza umri wakiwa bado wako pamoja, na wateremke madikoni zinakotia boti, Faza, Kizingitini, Ndau, Kiunga, kwa ratiba inayojulikana. Najua wataonekana mwakani. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na mimi nitakuwa nimetimiza kumi na minane, na darasa langu karibu lote. Wageni wenye kofia na fulana tumeanza kuwaona mitaani, wanatusalimu kwa heshima ambayo mwaka juzi hatukuwa nayo. Msitutafutie kipande kwa sababu ya kura halafu dirisha likafungwa tena Septemba.

Nilimuuliza mtoto wa ami nimwandikie nini hasa. Alikuwa anakung'uta maji kwenye boti, hakuniangalia. Akasema, “Andika siogopi bahari wala kazi. Naogopa askari akiniuliza jina langu.” Rafiki yake mmoja, wa miaka kumi na saba kama mimi, alikuwa kakaa pale ukutani, akatia lake: siku yake ya kutimiza kumi na minane ataifanya siri. Kwa sasa akikamatwa baraza ya mtu kwa sababu ya muguka wa mwenzake, yale majani ya kutafuna, anaitiwa mzazi. Siku ile ikifika ni seli ya wakubwa. Hilo ndilo badiliko pekee analolitarajia.

Mniruhusu niseme na hili la skuli, ingawa najua wakuu wa elimu mna kila jibu kwenye makaratasi.

Sisi wa kidato cha tatu ndio mkia wa 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondoka. Tulifanya KCPE ya mwisho, ule mtihani wa darasa la nane, Novemba 2023. KCSE yetu ya 2027, ya kumaliza kidato cha nne, ndiyo ya mwisho. Nyuma yetu hakuna kidato cha pili wala cha kwanza. Kuna gredi ya kumi, walioingia Januari mwaka huu kwa mtaala mwingine, vitabu vingine, na hata majina ya masomo si yale. Shule nzima inatazama kule. Walimu wanaitwa mafunzo ya mtaala mpya, maabara inapangwa kwa ajili ya mtaala mpya, na sisi tunamalizia chaki iliyobaki. Mnajua tunaulizana nini bwenini taa zikizimwa? Ukianguka, utarudia na nani? Kaka zetu walikuwa na darasa la nyuma la kuwapokea. Sisi tukigeuka nyuma tunaona watoto wanaosoma kitu kingine. Kuna msichana wa darasa letu ameanza kutapika kila asubuhi ya mtihani, hata wa majaribio, na yeye ndiye anayeshika namba moja.

Mdogo wangu yuko hiyo gredi ya kumi. Mwaka jana, gredi ya tisa, alitakiwa achague njia: sayansi na teknolojia, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Alikuwa na miaka kumi na minne, sauti yake yenyewe ilikuwa haijaamua iwe nene au nyembamba. Jioni ile baba alimkalisha sebuleni, fomu katikati, akamuuliza swali moja tu: ipi ina kazi bandarini? Mdogo wangu hakujua. Baba hakujua. Akapigiwa simu mwalimu, naye hakujua. Akachagua sayansi, kwa sababu ndiyo inayosikika kama kazi. Yeye anachora, mkimpa mkaa na ukuta atawachorea jahazi lenye tanga mkadhani linaondoka.

Bandari iko pale Kililana. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021, na sasa yako matatu. Tulipelekwa kuizuru, tukapangwa mstari, tukapigwa picha, tukagawiwa soda. Mmoja wetu aliuliza mtu akitaka kufanya kazi hapa asome nini, akajibiwa kuwa asome kwa bidii. Tafadhalini, jibu hilo lina karatasi yake mahali fulani. Pana orodha ya kazi zinazofanyika pale, ya kozi zinazohitajika na alama zake, na chuo kinachozifundisha. Bandikeni kwenye kila shule ya upili na ya sekondari msingi ya kaunti hii, kuanzia Witu mpaka Kiunga. Kama kazi za watu wa Lamu ni chache pia semeni, tujipange na njia nyingine mapema. Tunachochoka nacho ni kutajiwa bandari kila tukiuliza habari ya kesho.

Na bandari hiyo hiyo ilishatugusa kabla hatujafika umri wa kuitaka. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliagiza wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya kuharibiwa maeneo yao ya kuvua. Nilikuwa darasa la tatu, nakumbuka watu wakikumbatiana mitaani. Nimekuja kuisoma habari hiyo nikiwa mkubwa na kuna kitu hakinitoki akilini. Orodha ile ni ya waliokuwa wavuvi tayari. Mtoto aliyekuwa na miaka minane, ambaye baba ni mvuvi, babu ni mvuvi, na yeye angekuwa mvuvi bila hata kuulizwa, hayumo. Yeye hakupoteza samaki hata mmoja. Alipoteza kazi ya ukubwani kabla hajaufikia ukubwa wenyewe. Sijui sheria inaweza kumhesabu vipi mtu kama huyo. Lakini mnapogawa nafasi za mafunzo, mkumbukeni, kwa sasa ana miaka kumi na sita na anakaa barazani anachezea simu.

Nyumba nitaisema kwa ufupi ingawa mama angetaka niiseme kwa kirefu. Zamani za Mkomani binti akikua baba huanza kuhangaika na mawe na boriti. Anamjengea ghorofa juu ya wazee wake, au anavusha wikio juu ya kichochoro amuunganishe na nyumba ya pili, ili akiolewa asitoke kwa mama yake. Bibi aliolewa ndani ya chumba alichozaliwa, mumewe ndiye aliyehama. Kwa hiyo msichana alipoambiwa umekuwa mkubwa, angalau juu ya kichwa chake palikuwa pakigongwa nyundo. Mwaka 2001 UNESCO ikauweka Mji wa Kale kwenye orodha ya urithi wa dunia, na sisi tunajivunia, msinielewe vibaya. Ila bei za nyumba zile sasa si za watu wanaozirithi. Ndugu ni wanane, nyumba ni moja, anakuja mnunuzi, inauzwa, wanagawana, kila mmoja anapata cha kununua kiwanja huko juu mchangani. Mlango wa nakshi unabaki, ukibisha anafungua mtu mwingine. Wenzetu wa Mpeketoni na Hindi wanasema kwao ni shamba badala ya nyumba, hati na mipaka, watoto wanaongezeka na shamba haliongezeki. Tukikaa wasichana tukizungumza habari za kuolewa, na tunazungumza sana kuliko mnavyodhani, hatuanzi na bwana harusi. Tunaanza na wapi tutakaa. Kaunti ikipanga viwanja na mikopo ya nyumba, naomba mtu mmoja mezani aulize: na hawa walio kidato cha tatu leo, mwaka 2035 watalala wapi?

Nakuja kwenye lile tunalolificha.

Shirika la Afya Duniani linasema mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasa letu lina watu arubaini na kitu, pigeni hesabu. Sisi hatusemi hivyo kwa Kiswahili chetu, tunasema fulani kabadilika, au fulani ana mtu kamfanyia. Anayesoma sana anaachwa kwa sababu anasoma. Anayelala sana anaitwa mvivu. Wa kiume anayenyamaza hakuna anayemshughulikia mpaka aanze kwenda kule kwa wanaouza unga wa kulevya, na akishafika kule anashughulikiwa na polisi. Shule yetu ina mwalimu wa ushauri nasaha, mwanamke mwenye moyo mzuri, ambaye pia anafundisha Biashara madarasa yote, na meza yake iko katikati ya walimu wengine kumi. Ukiinama kumwambia jambo, mwalimu wa Hesabu anapunguza kusahihisha. Halafu Lamu ni Lamu: yeye ni ndugu wa mke wa ami yako, au amesoma na mama yako. Hana nia mbaya, lakini siri inakutangulia kufika nyumbani.

Tunahitaji mtu aliyesomea kazi hiyo, ambaye si jamaa yetu, mwenye chumba chenye mlango. Hata kama ni mmoja kwa visiwa vyote, mwenye zamu yake na nauli ya boti. Kama hana nafasi wiki hii tutasubiri, kusubiri tunakujua.

Nimeambiwa na shangazi nikimsomea rasimu hii kwamba nyinyi mtajibu: sisi tulikua kwenye shida kubwa zaidi. Ni kweli. Mlikua na shifta. Na sisi tukiwa wadogo mlibeba yale mashambulizi ya Mpeketoni, usiku wa tarehe 15 Juni 2014, na kafyu iliyofuata, na kuzuiwa kuvua usiku mpaka 2019. Mimi nilikuwa mtoto wa kupanda juu ya magunia kipindi hicho, lakini baba ni mvuvi wa usiku, na namkumbuka. Ikifika magharibi anakunja nyavu alizozikunja jana yake, anazikunja tena, anatoka kukaa barazani, anarudi, anauliza kuna habari gani redioni. Sikumwona baba akilia, wala akilalamika. Nilimwona akingoja. Na wallahi, tukikaa kuambizana ukubwa ni nini, hiyo ndiyo sura inayonijia, mtu mzima mwenye nguvu zake, kaoga, kakaa, anangoja ruhusa kutoka kwa mtu asiyemjua. Mkituuliza kwa nini wengine wetu hatuna haraka ya kuwa wakubwa, tafuteni jibu huko kabla hamjaitaja TikTok.

Najua mtanionyesha pia Bunge la Watoto, na Siku ya Mtoto wa Afrika. Nimeshiriki. Ni tarehe 16 Juni, kwa kumbukumbu ya wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 walipoandamana kukataa kusomeshwa kwa Kiafrikana. Walikuwa wa umri wetu, wengine wadogo zaidi. Sisi siku hiyo tulipewa fulana, tukakariri ngonjera iliyotungwa na mwalimu, ya kuwashukuru wageni waalikwa kwa kufika. Mwenzangu alipotaka kutia ubeti wake kuhusu vipande, ukatolewa, kwa maelezo kuwa si mahali pake. Kenya iliuridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu chake cha 12 kinataka mtoto asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu, kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Kusikilizwa huko ni kwa maneno yetu wenyewe, na yakiwa machungu myavumilie, kama sisi tunavyovumilia hotuba zenu juani.

Kwa hiyo narudia ombi la kikao. Si cha fulana. Meza, viti, mwandishi wa kuandika tunayosema, na mtu wa idara ya usajili, wa elimu, wa michezo na wa afya, kila mmoja akiwa na madaraka ya kujibu ndiyo au la papo hapo. Wasichana tukae tutakapoonekana, tusiwekwe nyuma. Muda wa kuzungumza upeni umri wa chini kwanza, maana mkianza nyinyi muda utakwisha. Na wakaribisheni walioacha shule, wa boti na wa punda, wao hawana sare ya kuwatambulisha na ndio wenye mengi.

Likizo ya Agosti tutakuwa nyumbani. Jumamosi chuo kinatoka adhuhuri; kuanzia hapo tuko huru mpaka magharibi, wavulana mpaka saa wanayotaka wenyewe. Wenzetu wa Faza, Kizingitini na Kiunga watahitaji boti na nauli ya kurudi kabla maji hayajatoka, hilo lipangeni mapema.

Wassalaam,

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mkomani, Lamu